Verney, Harley au Hutchinson: uanze na familia ipi ili uvielewe vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza?

Anayeanza kusoma vita vya Uingereza vya 1642 hadi 1651, kati ya mfalme na Bunge, hupokelewa na orodha. Edgehill, Marston Moor, Naseby, Preston, Worcester. Tarehe, idadi ya wapanda farasi, nani alikimbia kwanza. Akifika Naseby keshaisahau Edgehill, na bado hajajua kwa nini mtu mwenye mashamba, mke na watoto aliamka asubuhi moja akachukua silaha dhidi ya jirani aliyekuwa akila mezani kwake. Ninapoulizwa pa kuanzia, jibu langu ni lile lile: shika familia moja, uifuate tangu kabla ya vita mpaka baada yake. Orodha ya mapigano itajipanga yenyewe.

Swali linalofuata ndilo linalokwamisha watu. Familia ipi? Zilizoacha maandishi ya kutosha si nyingi, na tatu kati yake hutajwa kila mahali: akina Verney wa Claydon katika kaunti ya Buckinghamshire, akina Harley wa Brampton Bryan huko Herefordshire, na akina Hutchinson wa Owthorpe, Nottinghamshire. Nimekaa na zote tatu kwa miaka kadhaa, na kila moja ilinifundisha kitu ambacho zile mbili zisingeweza. Kwa hiyo hapa naziweka bega kwa bega.

Kwanza, waungwana hawa ni akina nani

Nawaita waungwana wenye ardhi. Hawakuwa malodi, maana lodi alikuwa na kiti chake katika Baraza la Malodi kwa kurithi. Hawakuwa wakulima pia, kwa kuwa hawakushika jembe. Waliishi kwa kodi za mashamba waliyopangisha. Baadhi waliitwa Sir kwa sababu mfalme aliwapa heshima hiyo; wengine waliipata kwa fedha, kwani tangu 1611 Mfalme James wa Kwanza aliuza cheo cha baronet kilichorithiwa baba kwa mwana.

Uzito wao haukuwa kwenye ardhi peke yake. Uingereza ya wakati huo haikuwa na watumishi wa serikali wa kulipwa mikoani wala polisi, wala jeshi la kudumu. Serikali ya kaunti ilikuwa wao wenyewe: ndio waliokaa kama mahakimu wa amani, ndio waliosimamia kodi, ndio waliofundisha wanamgambo, na ndio waliokwenda London kuwa wabunge. Basi mwaka 1642, Bunge lilipotoa amri yake ya kukusanya wanamgambo na Mfalme Charles wa Kwanza akatoa hati zake za kukusanya watu wake, karatasi hizo mbili zilizopingana ziliangukia meza zile zile. Hakuna aliyeweza kuziweka zote mbili kwenye droo. Wapo waliojaribu: Desemba 1642 waungwana wa Cheshire walikutana Bunbury wakapatana kuacha mapigano ndani ya kaunti yao. Mapatano hayo hayakudumu.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziuliza familia zote maswali yale yale. Upande ulichaguliwaje, na kwa sababu gani? Familia ilifanya kazi gani vitani? Wanawake walibeba nini? Ilipoteza nini, na ikaishia wapi? Na mwisho, walituachia maandishi ya aina gani, na tuyaamini kwa kiasi gani? Kigezo hiki cha mwisho wengi hukiruka. Mimi ningekitanguliza, kwa sababu barua ya mtu asiyejua kesho itakuwaje na kumbukumbu za mtu anayejua kila kitu kilivyokwisha ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama vinasimulia siku moja.

Upande ulivyochaguliwa

*Verney.* Hapa nyumba iligawanyika. Baba, Sir Edmund, alikuwa amemtumikia Charles tangu mfalme huyo alipokuwa kijana. Moyoni hakuwapenda maaskofu ambao mfalme alikuwa akiwatetea, na alitamani mfalme akubaliane na Bunge. Lakini alimwambia rafiki yake Edward Hyde kwamba amekula mkate wa mfalme kwa karibu miaka 30, hawezi kufanya jambo la aibu la kumtupa sasa. Mwanawe wa kwanza, Sir Ralph, mbunge wa Aylesbury, alibaki na Bunge. Mdogo wake Ralph, Edmund, ambaye nyumbani aliitwa Mun, alikwenda kwa mfalme, na Septemba 1642 alimwandikia kaka yake barua inayouma mpaka leo: alichokiogopa kimetokea, kaka yake yuko kinyume cha mfalme, na sasa baba yao na yeye, wanaompenda sana, watalazimika kuwa maadui zake. Baadaye Mun aliona jibu linachelewa, akaandika tena kuomba wabaki ndugu.

*Harley.* Hapa nyumba ilisimama pamoja, kaunti ndiyo iliyogeuka. Sir Robert Harley alikuwa Mpuritani wa dhati, yaani Mprotestanti aliyetaka kanisa la Uingereza lisafishwe mabaki ya Ukatoliki, na mkewe wa tatu, Bi. Brilliana, alikuwa hivyo hivyo. Sababu yao ilikuwa dini, tena waliitaja wazi. Walikuwa Wapuritani katikati ya Herefordshire, ambako karibu waungwana wote walimfuata mfalme, wakiwemo akina Croft waliokuwa marafiki wa siku nyingi. Katikati ya mwaka 1642 Brilliana alimwandikia mwanawe kwamba huko Ludlow, mji wa jirani, watu wamesimamisha mti wa sherehe, wakaweka juu yake kitu mfano wa kichwa, kisha wakakipiga risasi kuwakejeli wafuasi wa Bunge, waliobezwa kwa jina la "vichwa mviringo" kutokana na nywele zao fupi. Vita bado havijatangazwa, na mama huyu tayari anaona kichwa chake juu ya mti.

*Hutchinson.* John Hutchinson alikuwa na miaka 26 au 27 vita vilipoanza. Mkewe Lucy anasema alikaa nyumbani akisoma hati na hoja za pande zote mbili mpaka akaridhika kwamba Bunge lina haki. Huenda kuna kupamba hapo, lakini ukweli ni kwamba alikwenda kinyume na damu. Mama yake alitoka ukoo wa Byron, na akina Byron walikuwa nguzo ya mfalme Nottinghamshire. Lucy naye alizaliwa ndani ya Mnara wa London, ambako baba yake, Sir Allen Apsley, alikuwa msimamizi; kaka yake Lucy alipigana upande wa mfalme. Ndugu wa damu waliopigana wao kwa wao ndio walio Claydon. Hapa kuna mashemeji na mabinamu.

Msiba wa akina Verney usikufanye udhani kila nyumba ilikatika hivyo. Familia nyingi zilisimama upande mmoja, au zilijitahidi kutosimama popote.

Kazi waliyoifanya vitani

Sir Edmund Verney alibeba bendera ya mfalme. Tarehe 23 Oktoba 1642, kwenye pigano la kwanza kubwa, Edgehill, aliuawa akiwa ameishika. Bendera ilitekwa, ikaokolewa baadaye siku hiyo hiyo. Mwili wake haukupatikana kamwe. Inasimuliwa kwamba mkono wake ulionekana bado umeufumbata mti wa bendera, na kidoleni pete yenye picha ya mfalme. Ralph, mwana aliyekuwa upande wa pili, alituma watu kuutafuta mwili, akaambulia habari zinazopingana.

Kazi ya Ralph mwenyewe ilikuwa ya kalamu. Alikaa bungeni akiandika kwa kalamu ya risasi yaliyosemwa, na daftari hizo zikawa hazina kwa wanaosoma Bunge lile. Kisha mwaka 1643 wabunge walitakiwa kula kiapo cha Agano na Waskoti, lililogusa muundo wa kanisa. Dhamiri yake ilikataa. Hakuhamia kwa mfalme, wala hakuapa. Aliondoka na mkewe na baadhi ya watoto, akaenda Ufaransa, akakaa Blois. Kwa msomaji anayedhani palikuwa na pande mbili tu, Ralph ni mtu wa kukaa naye muda mrefu.

Sir Robert Harley alikuwa London muda mwingi. Kuanzia 1643 aliongoza kamati ya Bunge iliyoondoa makanisani sanamu, misalaba na vioo vya rangi vilivyohesabiwa kuwa ibada ya sanamu. Mwanawe Edward, Ned wa barua za mama, alikuwa kanali katika jeshi la Bunge. Ulinzi wa nyumbani ulibaki kwa Brilliana, nitakuja kwake.

John Hutchinson alikuwa gavana wa kasri la Nottingham kuanzia 1643. Kazi hiyo haina fahari ya Edgehill, ila inaonyesha vita vilivyokuwa kila siku. Kasri lilikuwa limechakaa. Newark, ngome kuu ya mfalme, ilikuwa karibu mno. Septemba 1643 askari wa Newark wakiongozwa na Sir Richard Byron, binamu yake gavana, waliingia mjini wakakaa siku tano, kasri likawa kisiwa. Akina Byron walijaribu kumshawishi aliachie. Jibu lake, kwa maneno ya Lucy, lilikuwa kwamba ikiwa hakuna kingine, basi ndani yake mna damu ya Byron ya kutosha kumfanya adharau kusaliti amana. Nje alipigana na Newark, ndani aligombana na kamati ya mji iliyotaka kumpunguzia madaraka, na magomvi hayo yamejaza kurasa nyingi. Usiyaruke. Ndiyo yanayoonyesha kwamba mamlaka ya muungwana, yaliyokuwa hayaulizwi kabla ya vita, sasa yaliulizwa na wafanyabiashara na makapteni wa kawaida.

Wanawake

Kama kigezo hiki ndicho chako, hutakosea kwa familia yoyote ya hizi tatu, ingawa kazi zenyewe zilitofautiana.

Brilliana ndiye anayejulikana zaidi. Mwanzoni mwa 1643 wapangaji walikuwa wamekatazwa kumlipa kodi, na ng'ombe wa nyumba walikuwa wakiswagwa. Alikuwa amemuuliza mumewe kama aondoke. Mume alitaka abaki. Mwishoni mwa Julai 1643 wanajeshi wa mfalme chini ya Sir William Vavasour waliizingira Brampton Bryan. Ndani mlikuwa na watu wapatao mia moja, nusu yao wakiwa raia, wakiwemo watoto wake watatu wadogo. Mizinga ilitoboa paa. Kanisa na nyumba za kijijini ziliharibiwa. Mfalme mwenyewe alimwandikia amwambie aikabidhi nyumba; yeye akajibu kwa maombi ya unyenyekevu yaliyoandikwa kwa werevu mkubwa, akimhakikishia utii wake huku akivuta siku. Baada ya kama wiki saba jeshi la mfalme lilihitajika Gloucester, likaondoka. Brilliana hakupumzika. Alisawazisha mahandaki yaliyochimbwa kumzingira na akatuma watu kuvamia kambi ya karibu. Mwishoni mwa Oktoba alipatwa na mafua makali, akafariki. Kabla ya hayo yote, barua zake kwa Ned akiwa mwanafunzi Oxford zilikuwa za mama yeyote: anamtumia pai, anamuuliza afya, anamkumbusha sala. Ndiyo sababu kifo chake kinauma.

Mary Verney, mke wa Ralph, hakushika kasri. Alishika kesi. Bunge lilikuwa limeyazuia mashamba ya Claydon kwa sababu Ralph hakuwepo bungeni. Dk. William Denton, mjomba wake Ralph, alishauri aende mke: mbele ya kamati wanawake walikuwa na fursa ambazo wanaume hawakuwa nazo. Mwisho wa 1646 Mary alivuka bahari peke yake akiwa mjamzito. Alizunguka London kutafuta mabibi waliosikilizwa na wakubwa, akangoja kwenye vyumba vya kamati, akajifungua mtoto wa kiume 1647. Mtoto huyo alikufa, na karibu wakati huo huo binti yake Peg akafa Ufaransa. Habari mbili zilimpata kwa pamoja. Akaendelea na kesi. Januari 1648 mashamba yalirudishwa. Mwaka 1650 alifariki Blois. Kwa maoni yangu huu ni ushujaa ulio sawa na wa Brampton Bryan, na nasikitika kila ninapoona haupewi hata ukurasa.

Lucy Hutchinson alikaa na mumewe ndani ya kasri. Alifunga vidonda vya askari, na walipoletwa mateka wa upande wa mfalme akafunga na vya kwao. Kapteni mmoja akamkaripia kwa kuwahurumia maadui. Alijibu kwamba ametimiza tu wajibu wa ubinadamu. Lakini kazi yake kubwa ilikuja baada ya vita, nayo ni kuandika.

Walichopoteza, na walikoishia

Akina Verney walipoteza watu. Baba Edgehill, Mun katika Drogheda, Ayalandi, Septemba 1649, baada ya jeshi la Bunge chini ya Oliver Cromwell, aliyekuja kuitawala Uingereza, kuuteka mji. Mary na watoto. Hata nyumba ya wajomba, Hillesden, ambayo haikuwa mbali, ilichomwa Machi 1644. Claydon yenyewe ilisalimika. Ralph alirudi 1653, akafungwa kwa muda 1655 chini ya Cromwell, akapewa ubaronet 1661, akaishi hadi 1696. Hakuoa tena. Claydon leo inatunzwa na shirika la National Trust, ingawa jengo utakaloliona kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18.

Akina Harley walipoteza nyumba. Mwanzoni mwa 1644 Brampton Bryan ilizingirwa tena. Wakati huo huo Hopton Castle, ngome ya jirani, ilijisalimisha na walinzi wake wakachinjwa. Aprili Brampton Bryan nayo ilikubali. Walinzi walibaki hai, watoto wa Brilliana wakachukuliwa mateka, kasri likabomolewa. Lililofuata ndilo linaloniathiri zaidi: Desemba 1648, jeshi lilipowaondoa bungeni wabunge waliotaka mapatano na mfalme, Sir Robert na Edward walikuwa miongoni mwa waliozuiwa na kuwekwa kizuizini. Walivipigania vita, wakashindwa na washindi wenzao. Ukoo, hata hivyo, uliinuka. Mjukuu, Robert Harley, alikuwa waziri mkuu wa Malkia Anne kwa vitendo kuanzia 1711, na maandiko ya kale ambayo yeye na mwanawe waliyakusanya yalinunuliwa na taifa 1753, yakawa sehemu ya msingi wa Makumbusho ya Uingereza.

Hutchinson alishinda kwanza, akapoteza baadaye. Januari 1649 aliweka sahihi kwenye hati ya kifo cha mfalme, mmoja kati ya watu 59. Alipoona Cromwell anajilimbikizia madaraka alirudi Owthorpe kulea bustani na kuijenga upya nyumba iliyoharibiwa. Ufalme uliporudi 1660, wengi wa waliotia sahihi waliokuwa bado hai walinyongwa, walifungwa au walikimbia. Yeye aliokoka kwa barua ya majuto na kwa bidii ya shemeji yake, Sir Allen Apsley kijana, yule yule aliyekuwa upande wa mfalme. Lucy anasema barua aliiandika yeye kwa jina la mume, wanahistoria wanabishana. Mwaka 1663 alikamatwa kwa kushukiwa njama, akatiwa katika Mnara alimozaliwa mkewe, akahamishiwa Sandown Castle, Kent, ngome yenye unyevu ufukweni, akafia huko tarehe 11 Septemba 1664. Nyumba ya Owthorpe iliuzwa, na leo haipo.

Maandishi, na namna ya kuyaamini

Verney ni bahari. Barua zaidi ya 30,000 zilihifadhiwa Claydon, kwa kuwa Ralph hakutupa kitu na alibakiza nakala za alizotuma. Kuna za mabwana, za wadogo zake wa kike waliobaki nyumbani bila kuolewa na bila mahari (kwao ilitolewa na familia ya binti), za msimamizi wa mashamba, za Tom, ndugu asiyetulia aliyepelekwa Virginia kisha Barbados. Uzuri wake ni kwamba barua zinapingana. Mmoja anadai, mwingine anakana, nawe unakaa katikati. Ubaya ni wingi. Njia rahisi ni vitabu vinne vilivyotolewa kati ya 1892 na 1899, ambavyo sasa vinapatikana bure kwenye intaneti. Vilianzwa na Parthenope, dada yake Florence Nightingale, aliyeolewa katika ukoo huo. Wahariri waliwapenda mababu hao, na upendo unaonekana.

Harley ni kisima: chembamba, kirefu. Barua za Brilliana zilizochapishwa 1854 ni kama 200, karibu zote kwa mtu mmoja, kuanzia 1638 mpaka siku za mwisho. Tahajia yake ni ya kwake mwenyewe, itakusumbua kurasa kumi za kwanza kisha utaizoea kama lafudhi ya mgeni. Vita vilipokaribia alianza kutumia karatasi iliyotobolewa matundu: Ned aliiweka juu ya barua, na maneno yaliyoonekana tunduni ndiyo yaliyokusudiwa. Udhaifu ni kwamba unasikia upande mmoja tu.

Hutchinson ni kitabu kimoja, kimeshatungwa, kina mwanzo na mwisho. Lucy alikiandika baada ya 1664 kwa ajili ya watoto wake, kikachapishwa 1806. Anajitaja mwenyewe kama mtu wa tatu, "Bi. Hutchinson". Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote. Aliwahi kuitafsiri tenzi ya Kilatini ya Lucretius, na msomaji anahisi mkono wa mtu aliyesoma. Lakini ni mjane anayemtetea mume aliyekufa kifungoni. Kila aliyegombana na John anatoka mbaya. Kisome ukiwa umeshika penseli.

Jambo moja linanisumbua katika zote tatu, nalo ni ukimya wa wapangaji. Ni wao waliochomewa vijiji na kunyang'anywa farasi, ni wao waliotembea na mikuki nyuma ya Sir fulani, na tunawasikia tu kupitia barua za mabwana, kwa kawaida pale kodi isipolipwa. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura ataliona pengo hilo haraka kuliko mimi. Kila ukikutana na jina la mpangaji au mpishi, liandike pembeni.

Chagua kwa hali yako

Kama wewe ni mwanafunzi na una wiki mbili kabla ya insha, chukua Hutchinson. Kitabu kimoja kinakupa vita, siasa za mji, kifo cha mfalme na kurudi kwa ufalme. Kisha tafuta maelezo mafupi ya mwanahistoria wa leo juu ya Nottingham, usibaki na Lucy peke yake.

Kama swali lako ni jinsi jirani anavyogeuka, Harley. Soma barua za 1642 moja baada ya nyingine bila kuruka, hata zile za pai na mafua. Vitisho vinaingia polepole kati ya mambo ya nyumbani, na muhtasari wowote utavipoteza.

Kama umetoka katika familia iliyogawanywa na siasa au vita, na unataka kuona wengine waliishije nalo, Verney. Una kazi, lakini anza na miaka ya 1642 na 1643, uende moja kwa moja kwa Mary mwaka 1646. Yaliyobaki yatangoja.

Mwalimu wa darasa la watu wengi atafaidika kwa kuzigawa: kundi moja Brampton Bryan, jingine Claydon, jingine kasri la Nottingham, wote wasome mwezi Septemba 1643 tu. Mwezi huo mzingiro wa Brilliana unaondolewa, Newark wanaingia Nottingham, na Ralph anakabiliwa na kiapo. Nimeona mazungumzo yakiwaka kwa njia hii.

Anayeishi Uingereza na anataka kuona kwa macho, Claydon na kasri la Nottingham ndiyo yenye milango ya wageni, ingawa Nottingham kasri la vita lilibomolewa 1651 na jumba la sasa limejengwa baadaye. Magofu ya Brampton Bryan yamo katika ardhi ya ukoo wenyewe, kwa hiyo uliza kwanza. Kanisa la kijiji hicho, lililojengwa upya 1656 baada ya vita, lenyewe linatosha safari.

Na kama hakuna hata mmoja anayegusa swali lako kwa sababu unataka kumjua mtu aliyebadili upande, ziache zote tatu umtafute Sir Hugh Cholmley wa Whitby, Yorkshire. Alilishika kasri la Scarborough kwa niaba ya Bunge, mwaka 1643 akakutana na Malkia Henrietta Maria huko York akahamia kwa mfalme, kisha akalilinda kasri lile lile dhidi ya Bunge mpaka Julai 1645, mkewe Elizabeth akiwa ndani naye akiuguza wagonjwa wa kiseyeye. Aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, fupi na za wazi. Mwanawe, aliyeitwa Hugh pia, alikuja kusimamia ujenzi wa gati kubwa la bandari ya Tangier, Moroko.